Peres na Peter kwenye Mashine ya Tisa

Mabinti zangu, nyinyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kompyuta, mkimwona mtu mzima amekaa mkutanoni na mikono kaificha chini ya meza, msidhani ana maringo. Huenda anatetemeka. Mimi nimefanya kazi hii mpaka nywele zikageuka rangi, na sikumbuki hata ziara moja ambayo tumbo halikunikata asubuhi yake. Watu waliniona nimesimama mbele ya darasa, buibui limepigwa pasi, sauti imetulia, wakasema Mwalimu Zuhura haogopi kitu. Wallahi, nilikuwa naogopa kila kitu. Niliogopa umeme kupotea, niliogopa mashine kugoma, na zaidi ya yote niliwaogopa wageni wanaoandika kwenye vijitabu bila kusema neno.

Safari iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa ya Asembo Bay, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwaka wa mwisho kabla sijastaafu. Nitawasimulia. Lakini kwanza niwape habari ya kitambaa, maana bila hicho kitambaa hamtaelewa nilikosea wapi.

Mimi ni mzaliwa wa Kisumu mjini. Babu alitoka pwani, bibi alikuwa wa hapa hapa ziwani, ndiyo sababu Kiswahili changu kimenyooka na Dholuo changu ni cha sokoni. Najua kusalimu, najua kuvutana bei ya samaki, najua nikitukanwa. Zaidi ya hapo nababaisha. Nilipoajiriwa katika karakana ya ofisi ya elimu, kutengeneza kompyuta za shule na kuwafunza walimu kuzitumia, nilikuwa mwanamke peke yangu. Siku ya kwanza nilionyeshwa birika kabla ya kuonyeshwa bisibisi. Nikachemsha chai huku mikono ikitetemeka, na badala ya sukari nikatia chumvi. Hawakuniagiza chai tena. Mpaka leo wenzangu hawaamini kwamba sikukusudia.

Mkubwa wa karakana alikuwa Mzee Ondiek, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Mwaka wangu wa kwanza alinituma shule moja ambako kompyuta ya karani ilikuwa inazimika yenyewe kila mchana. Nilienda mara tatu. Kila nikifika, mashine ni nzima kama ng'ombe wa mahari. Naifungua, naipuliza vumbi, naifunga, inafanya kazi. Nikirudi mjini tu, simu: imezimika tena. Nilianza kukosa usingizi. Nilijua wanaume wa karakana wanangoja niseme nimeshindwa ili wanirudishe kwenye birika.

Mara ya nne Mzee Ondiek akaja nami. Hata mkoba wa vifaa hakufungua. Aliketi, akamuuliza karani habari za nyumbani, habari za watoto, kisha akasema, "Mama, hii mashine ukiwa na yeye peke yenu, huwa inavaa nini?"

Karani akaona haya. Akavuta droo, akatoa kitambaa cha kufuma, kikubwa, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni. Kila siku alikuwa anaifunika kompyuta kama vile mnavyofunika makochi sebuleni, matundu yote ya hewa yakazibwa, mashine ikachemka mpaka ikazimika. Na kila akisikia fundi anakuja, anakivua haraka na kukificha, fundi asije akakichafua.

Njiani Mzee Ondiek hakunicheka. Aliniambia, "Zuhura, uliza mtu kwanza, mashine baadaye." Nimewarudishia walimu wengi neno hilo. Nimelisema kwenye semina, nimelisema kwenye harusi. Kulisema ni rahisi.

Sasa Asembo Bay.

Shirika moja lilikuwa limetoa kompyuta kumi na mbili kwa ajili ya wanawake wa ufukweni, wale wanaonunua samaki na kuanika omena, dagaa wa ziwani, wajifunze kuandika, kutafuta masomo kwenye intaneti, na kutengeneza masomo yao wenyewe. Mimi ndiye niliyependekeza Asembo. Nilisimama kwenye kikao nikasema wanawake wale wanaweza, na nikatia sahihi. Mwalimu wa darasa alikuwa Lilian, binti aliyesomea kompyuta chuoni akarudi kwao, mwembamba, msikivu, asiyepaza sauti. Wanafunzi walikuwa ishirini na wanne. Kati yao wanaume watatu tu, tuliowaruhusu kwa sababu nafasi zilibaki.

Watu wawili kwa mashine moja. Na hapo nikaleta ufundi wangu wa miaka mingi. Kwenye semina za walimu niligundua kwamba ukiwaacha watu wachague jirani, marafiki watakaa pamoja na watapiga soga mpaka jioni. Kwa hiyo mimi huwapanga kwa herufi. Nilichukua orodha ya Asembo nikiwa ofisini Kisumu, nikaipanga kwa majina ya kwanza, wawili wawili, nikaichapa. Chini yake nikaandika: Mpango huu usibadilishwe bila idhini ya ofisi. Mashine ya tisa iliwaangukia Peres na Peter. Nikaona imependeza hata kwa macho.

Wiki ya pili Lilian alinipigia simu. "Mwalimu, hii mpango ya viti, kuna mahali kidogo ina shida..."

"Fuata mpango, Lilian," nikamwambia. "Watazoeana."

Alipiga tena baada ya wiki moja. Nilikuwa kwenye mkutano, nikamwandikia maneno mawili: Fuata mpango. Hakupiga tena, na mimi nikafurahi kwamba mambo yamenyooka.

Miezi ikapita. Kisha tukaambiwa shirika linatuma mtu kutoka Nairobi kuangalia kama darasa lina maana. Shule moja ya Milimani, mtaa wa wenye nazo mjini Kisumu, ilikuwa imeziomba zile kompyuta. Shule ambayo watoto wake wanaletwa kwa gari la mama na kuchukuliwa kwa gari la baba, na nyumbani kila mmoja ana leptopu yake! Ripoti ya huyo mgeni ndiyo ingeamua: mashine zibaki Asembo, au zipakiwe kwenye lori zipelekwe Milimani, na Lilian arudi nyumbani kukaa.

Mgeni mwenyewe alikuwa Daktari Nyambura, mtafiti wa elimu, mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na kijitabu chekundu. Tulimchukua uwanja wa ndege asubuhi kwa gari la ofisi. Tulipofika Otonglo nikaomba dereva asimame, eti ninunue waya wa kurefusha umeme. Waya nilikuwa nao. Nilitaka tu kushuka nivute pumzi. Niliposhika mlango kurudi garini nilisoma Bismillahi mara mbili, na muuza ndizi akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wangu alikuja, mwenyeji akaugua.

Pale Kisian tulikata kushoto kufuata barabara ya Bondo. Daktari aliniuliza maswali machache. Nikajibu kila moja kwa urefu kupita kiasi, kama mtu anayejitetea polisi. Ndege yake ya kurudi ilikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa naangalia saa kila dakika na sijui nilikuwa naharakisha au nachelewesha.

Darasa ni chumba kimoja cha mabati karibu na mahali omena inapoanikwa, na harufu yake inaingia bila kubisha hodi. Tulipokaribia, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa mama mmoja mnene, kitambaa cha kanisa kichwani, amesimama nje kwenye dirisha, viwiko vimeegemea kizingiti, akiangalia ndani. Tulipoingia nikaona mashine zote zina watu wawili wawili isipokuwa ya tisa. Pale ameketi mwanamume wa miaka thelathini hivi, peke yake, mkono kwenye kipanya.

Daktari akamwangalia mwanamume. Akaangalia dirishani. Akafungua kijitabu chekundu.

Nilikuwa nyuma ya bega lake, na macho yangu ya karibu bado yalikuwa mazuri. Aliandika: Mwanamke nje, mwanamume ameshika mashine.

Nikaona lori. Nikaona kompyuta zimefungwa kamba, zinapita Otonglo kwenda Milimani, na sahihi yangu imebandikwa juu yake. Lilian alikuwa ananiashiria kitu kwa macho, sikumtazama. Nikapaza sauti ile ya semina.

"Wewe bwana! Jina lako?"

"Peter, Madam."

Peter nilimpanga na Peres. Basi mama wa dirishani ndiye Peres mwenyewe.

"Huoni mama amesimama nje? Hii kompyuta ililetwa kwa ajili ya akina mama. Unakaaje kitini na yeye ananing'inia dirishani? Sogea! Mama Peres, ingia, njoo ukae hapa hapa karibu na Peter."

Nilisema hivyo huku nikimnyooshea mkono mama wa dirishani, nikitabasamu, Daktari aone. Hakuna aliyetabasamu. Mwanamke mmoja wa mashine ya tatu alijiziba mdomo. Mama Peres alirudi hatua mbili nyuma kana kwamba nimemmwagia maji. Peter alisimama, uso umemshuka, akapita mlango wa nyuma bila kuaga. Mama Peres naye hakuingia.

Nilisikia kalamu ya Daktari ikiandika.

Nikatoka nje. Nilikuwa tayari kumgombeza mama wa watu, Mungu anisamehe, kwa sababu hofu ikinishika huwa inatokea kinywani kama ukali. Lakini alikuwa ameshika leso mkononi na macho yake yamelowa, na hapo tu, baada ya miezi yote ile, ndipo nilipouliza.

"Mama Peres, kwani kuna nini?"

"Mwalimu, yule ni ora."

"Ora nani?"

"Ora! Yule ameoa msichana yangu." Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Sasa mimi nitakaa aje bega kwa bega na ora? Magoti inagusana chini ya meza? Hata chakula hatuwezi kula meza moja. Ni heshima. Yeye ananiheshimu, mimi namheshimu. Na wewe umemfokea mbele ya watu, eti amenyima mimi kiti."

Kitambaa cha karani kilinijia akilini na maua yake yote ya waridi. Desturi hiyo nilikuwa naijua! Nimekaa na Wajaluo maisha yangu yote, nimeona harusini mama mkwe akihama kivuli mkwe akija. Nilichokuwa sijui ni nani mkwe wa nani, kwa sababu sikumuuliza mtu. Niliuliza herufi.

"Basi miezi yote hii ulisoma vipi?"

"Peter anakuja kwanza, mimi nasikiza na dirisha. Akimaliza anatoka na mlango ya nyuma, mimi naingia na ya mbele. Somo yetu tumefanya pamoja. Uliza Lilian."

Nilirudi ndani. Lilian alikuwa tayari ameketi kwenye mashine ya tisa, amefungua faili. "Mwalimu, nilijaribu kukuambia," akasema kwa sauti ya chini. "Soma hapa."

Faili ilikuwa somo la kuanika omena: jinsi ya kuinua chanja zisiguse mchanga, jinsi ya kutandika nyavu kuukuu, dalili za mvua, picha baada ya picha. Na chini ya kila picha kulikuwa na maneno ambayo hayakuwa ya somo. Ya Mama Peres yalikuwa herufi kubwa tupu, maana hakuna aliyekaa naye kumwonyesha jinsi ya kuzirudisha ndogo.

ORA, PICHA YA PILI IMELALA KICHWA CHINI. OMENA INAKAA KAMA INAANGUKA.

Nimegeuza, mama. Ongeza habari ya mvua, watu wanasahau.

NIMEONGEZA. LAKINI MBONA UMEPUNGUZA MANENO YANGU?

Ilikuwa imerudiwa mara tatu, mama.

WACHA IRUDIWE. WATU HAWASIKII MARA MOJA.

Nilishuka mpaka mwisho. Neno la mwisho lilikuwa la jana yake.

WAGENI WANAKUJA KESHO. WEWE KAA KWA MASHINE UGEUZE PICHA. MIMI NITAFUNDISHA NIKIWA KWA DIRISHA. HIVYO HAKUNA MTU AMEKOSEA MWENZAKE.

Walikuwa wamejipanga! Kila kitu kilikuwa tayari, mpaka nilipofungua mdomo. Mabinti zangu, nimewahi kuunguza mashine, nimewahi kufuta mitihani ya shule nzima, lakini sijawahi kuona aibu kama niliyoiona nikiinama mbele ya kioo kile. Saa yangu ilisema saa saba kasoro. Daktari alikuwa amekaa nyuma ya darasa, uso hausomeki, kijitabu kimefungwa juu ya goti. Kijitabu kilichofungwa kilinitisha kuliko kilichofunguliwa.

Nikamwambia, "Daktari, nakuomba robo saa. Kosa ni langu, nalirekebisha." Nikatoka mbio, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, buibui nimelishika mkononi.

Nilimkuta Peter ufukweni, ameketi juu ya mashua iliyopinduliwa, akitupa vijiwe majini. Hakunitazama.

"Umeniaibisha mbele ya maara," akasema. Maara, yaani mama mkwe wake. "Mimi ni fundi wa simu pale sokoni, watu wananijua. Leo jioni watasema Peter anamnyang'anya mama ya bibi yake kiti. Na unajua nilikuwa nakaa pale sababu yeye ndiye aliniambia nikae."

"Najua sasa. Nimesoma."

"Umesoma saa hii."

"Saa hii," nikakubali. Pumzi zilikuwa zimeniishia, sikuwa na la kupamba. "Mimi ndiye niliyewapanga. Sikuuliza. Nimekosea, Peter, na nitasema hivyo mbele ya darasa lote. Ukikataa kurudi sitakulaumu, lakini zile mashine zitaondoka na mama atakuwa amejifunza bure."

Alitupa kijiwe kingine. Kikadunda mara mbili, kikazama. "Maara amesema aje?"

"Hajasema kitu. Bado amesimama dirishani."

Hapo akainuka.

Nilisema mbele ya darasa lote, kama nilivyoahidi. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikajaribu kwa Dholuo, na Dholuo changu kikawachekesha, nikashukuru kwa hicho kicheko. Peter akaketi mashine ya tisa, uso mbele. Mama Peres akarudisha viwiko vyake kwenye kizingiti, akakohoa, akaanza. Alifundisha kama mtu anayepigia kelele mashua iliyo mbali. Kila akimaliza picha anasema "Geuza!" bila kumtazama, na picha inageuka kabla neno halijaisha. Alisema mambo mengi mara tatu. Katikati taa zikapepesa, zikarudi. Nilipogeuka kumtafuta Daktari, kiti chake kilikuwa kitupu. Nilidhani amekwenda garini. Kumbe yuko nje, amesimama kando ya Mama Peres dirishani, anaangalia ndani kutoka pale mama anapoangalia.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Otonglo, Daktari akafungua tena kijitabu. Kisha akauliza, "Ule mpango wa viti, nani aliuandika? Mwalimu wa darasa?"

Nawaambieni ukweli kwa sababu nyinyi ni wanangu. Nilisita. Lilian alikuwa kijana, angesahau. Mimi nilibakiwa na mwaka mmoja, na sikutaka kumaliza kazi ya maisha na doa. Nilihesabu mpaka tano.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alinipigia mara mbili kuniambia. Sikumsikiliza."

Akaandika. Sikuchungulia.

Tulingoja wiki saba. Kila simu ikilia nilikuwa naruka. Nilipunguka mpaka pete ikawa inanivuka nikitawadha. Lilian naye alikuwa akinipigia kila Ijumaa kuuliza kama kuna habari, na kila Ijumaa nilijifanya nimetulia. Hatimaye ikaja barua: mashine zibaki Asembo Bay, na mwalimu aongezewe miaka miwili. Chini kulikuwa na mistari miwili kwamba mpango wa kukaa ulitungwa mbali na wanafunzi bila wenyewe kuulizwa. Jina langu halikutajwa, lakini karakana nzima ililijua. Mtu fulani akaniletea chai mezani, na ilikuwa na chumvi.

Siku niliyostaafu nilipewa kanga, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Lakini zawadi ninayoifungua mpaka leo ni faili ambayo Lilian alinitumia jioni ile. Ni somo la omena, limekamilika, picha zote zimesimama wima. Nilishuka taratibu mpaka mwisho, nikijua kuna kitu. Chini kabisa kulikuwa na herufi kubwa.

MWALIMU ZUHURA, JUMATANO KUNA KITI WAZI KWA MASHINE YA TISA. UKITAKA KUJA UNIFUNZE HERUFI NDOGO, KARIBU. LAKINI PIGA SIMU UULIZE KWANZA.

Nikachukua simu, mikono ikitetemeka kama kawaida yake, nikauliza.